Nimekatia kinu bima ya moto, mbona nimelipwa nusu?

*Swali:* "Mbukwenyi. Mimi ni mama mwenye kinu cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mwaka 2019 nilikopa benki shilingi milioni 60 kununua mashine na kumalizia jengo. Nikaambiwa bila bima ya moto mkopo hautoki, nikasaini, na kila mwaka wananikata 283,200. Tangu hapo nimeongeza ekspela ya pili na chujio kwa hela yangu mwenyewe. Mwezi wa tisa mwaka jana umeme ulipiga shoti, moto ukala mota mbili, paneli, sehemu ya paa na magunia ya alizeti. Mkadiriaji wa hasara mwenyewe aliandika milioni 18. Baada ya miezi mitano nimelipwa 8,550,000, na haikuja mkononi, imeingia kwenye akaunti ya mkopo. Nikiuliza naambiwa ni 'avareji', mara tulikuwa tunasubiri wenzetu wa nje. Nimekata bima ya milioni 60, imeungua milioni 18, mbona nusu? Mume wangu anasema bima ni wizi wa kistaarabu, tuiache, hela tuweke kwenye kikoba. Mkopo unaisha mwezi wa sita. Nifanyeje?"

*Jibu:* Pole sana mama, kwa moto na kwa miezi mitano ya kupanda na kushuka barabara ya Dodoma. Nichukue kalamu kwanza, maana hesabu ndiyo iliyokuumiza. Nusu ya milioni 18 ni milioni 9. Asilimia 5 ya milioni 9 ni 450,000. Toa, inabaki 8,550,000, shilingi kwa shilingi ile uliyolipwa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekaa ofisini akakukisia kwa jicho. Hata kabla sijaiona hati yako, naweza kukuambia kwamba mkadiriaji alithamini mali yako yote, jengo, mashine na mzigo, kuwa milioni 120, na kwamba mkataba wako una kifungu kinachokutaka ubebe mwenyewe asilimia 5 ya kila dai. Hicho kifungu cha asilimia 5 ni cha kawaida na sitakipotezea muda. Kilichokula hela yako ni avareji, yaani kulipwa kwa uwiano wa thamani uliyoandikisha na thamani halisi ya mali.

Wewe uko kwenye kikoba, basi tuelewane kwa kikoba. Mwanachama anayenunua hisa tano kila wiki na mwenzake anayenunua mbili hawagawani sawa siku ya kuvunja, na hakuna anayenuna. Mfuko wa bima una tabia hiyohiyo, ila hisa zako ni ile thamani uliyoandikisha. Ulikuwa na mali ya milioni 120, ukachangia kama mwenye mali ya milioni 60. Mfuko ukakuhesabu umekatia bima nusu ya kila kitu: nusu ya mota, nusu ya paa, nusu ya kila gunia. Nusu iliyobaki, machoni pa mkataba, ulikuwa umeibeba wewe.

Wewe ulidhani milioni 60 ni dari tu, kwamba hasara yoyote isiyofika hapo inalipwa kamili. Hudhani hivyo peke yako. Nimewasikia hata maofisa mikopo wakiwaeleza wateja hivyo. Lakini fikiria moto unavyokuwa. Mara nyingi hauli kinu kizima. Unakula paneli, mota, kona moja ya paa, kisha majirani wanafika na ndoo za maji na mchanga. Kama kila mwenye kinu angeandikisha nusu ya mali yake na bado akalipwa kamili kwa moto mdogo, nani angelipia mali yote? Mfuko ungekauka msimu wa kwanza, na aliyeungua wa mwisho angekuta umebaki mtupu.

Sasa nije kwenye kinachonikera mimi. Nani aliandika milioni 60? Nina hakika si wewe. Milioni 60 ndiyo hela uliyokopa, na ofisa wa benki aliichukua kutoka fomu ya mkopo akaihamishia kwenye fomu ya bima. Kwa benki hilo lina mantiki: inataka kinu kikiteketea chote, hela yake irudi. Ndiyo maana pia jina lake limeandikwa kwenye hati kama mlipwaji wa kwanza, na malipo yakaenda kwenye akaunti ya mkopo. Hilo la mwisho huwezi kulipinga kirahisi, ulilikubali uliposaini, na angalau limepunguza deni. Lakini thamani ya mkopo na thamani ya kinu ni vitu viwili, na kila mwaka vinazidi kuachana: mkopo unashuka, wewe unaongeza ekspela, bei ya mabati na mota inapanda, na ile 60 imekaa palepale kama jiwe la mpaka.

Nalisema hili nikijua nilikotoka. Nilipoanza kazi kama wakala, nilikuwa nahuisha bima za wateja kwa kunakili thamani ya mwaka uliopita. Mteja hakusumbuliwa, ada haikupanda, wote tukafurahi. Furaha iliisha siku godauni la mteja mmoja wa Kizota lilipoungua, na mimi nikatumwa kumpelekea barua yenye hesabu kama yako. Alikuwa mzee mtulivu. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza swali moja tu: "Kijana, hukujua bei ya cementi imepanda?"

Tatizo hili lina mizizi kwenye namna soko letu lilivyokua. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 bima yote nchini iliwekwa chini ya Shirika la Bima la Taifa, na biashara hiyo haikufunguliwa kwa kampuni binafsi mpaka sheria ya mwaka 1996. Leo kampuni ni nyingi, ila wateja ni walewale wachache: ukichukua ada zote za bima nchini na kuzilinganisha na pato la taifa, ni kama asilimia 2 tu. Afrika Kusini inavuka 10. Na wengi wetu hukutana na bima pale tu tunapozuiwa kupita. Trafiki anaulizia stika, unalipa ile 118,000 ya gari dogo ili akuachie. Benki inaulizia bima ya dhamana, unasaini ili mkopo utoke. Mzigo ukiagizwa kutoka nje, sheria inataka ukatiwe bima hapa nchini, unalipa ili utoke bandarini. Mtu anayenunua kitu ili afunguliwe geti hutafuta cha bei ya chini na haulizi ndani kuna nini. Na kampuni, zikigombania mtu wa namna hiyo, hushindana kwa kushusha bei. Ofisa atakayekuja Kibaigwa kutembea kinuni kwako, kupima na kuuliza, anaigharimu kampuni mafuta ya gari na siku nzima, kwa ada ya 283,200. Haji. Hapo ndipo lawama yangu ilipo, na naigawa: sehemu kwa benki, sehemu kwa kampuni, na kidogo, nisamehe, kwako pia, kwa sababu siku uliyofunga ekspela ya pili hukumwambia mtu.

Hao "wenzetu wa nje" si hadithi, wapo. Kampuni ya bima nayo hujikatia bima. Tunaita bima mtawanyo. Kampuni yenye mtaji mdogo ikibeba peke yake kiwanda cha mabilioni, moto mmoja unaizika, kwa hiyo hubakiza kipande inachokiweza na kingine hukigawa. Sehemu huenda TAN-RE, kampuni ya hapa nyumbani iliyoanza mwaka 2004, sehemu Africa Re yenye makao Lagos na ZEP-RE ya Nairobi, na kwa mali kubwa mno huvuka bahari kabisa. Ndiyo hali ya soko dogo: hatari haina watu wa kutosha wa kuigawana nyumbani, basi sehemu ya ada inasafiri. Ila sikubali kwamba dai la milioni 18 lilisubirishwa kwa sababu hiyo. Dai la ukubwa huo kampuni hulipa kwanza, kisha inadaiana na wenzake baadaye. Mkataba wa bima mtawanyo ni wao kwa wao, wewe haumo. Ukiambiwa tena maneno hayo, omba uandikiwe barua inayotaja kifungu gani cha mkataba wako kinachokutaka usubiri.

Miezi mitano, mara nyingi, huliwa na karatasi. Ripoti ya Zimamoto, ripoti ya polisi, risiti za mota, ushahidi kwamba magunia yalikuwepo kweli. Niliwahi kusimama na mkadiriaji kwenye kinu kilichoungua, harufu ya mashudu yaliyobabuka inakushika koo, magunia yamekuwa majivu meusi yanayonata mafuta. Mkadiriaji akauliza yalikuwa mangapi. Mwenye kinu hakujibu kwa mdomo. Alikwenda nyumbani akarudi na kaunta buku, kurasa zimelowa mafuta mpaka zinaonyesha upande wa pili, na ndani yake tarehe, jina la mkulima, idadi ya magunia, kilo, malipo, kila siku kwa mwandiko wa binti yake. Dai lile halikubishaniwa hata gunia moja. Kama huna daftari la namna hiyo, anza nalo kesho, na usilitunze kinuni.

Kabla hujakubali kwamba yameisha, kuna mambo ya kukagua. Omba ripoti kamili ya mkadiriaji, si muhtasari. Angalia ile milioni 120 aliipataje. Nimeona ripoti ambapo mali yote imethaminiwa kwa bei ya vitu vipya dukani, na hapohapo kilichoungua kikathaminiwa kwa bei ya mtumba, baada ya kutoa uchakavu. Hiyo ni mizani miwili. Ukithamini yote kwa bei ya vitu vipya, thamani ya kinu inapanda na fungu lako linashuka. Ukithamini hasara kwa bei ya chakavu, hasara nayo inashuka. Unakatwa mara mbili. Kipimo kinatakiwa kiwe kimoja kwa vyote viwili, kile kilichoandikwa kwenye hati. Angalia pia kama milioni 60 imeandikwa kwa mkupuo au imegawanywa: jengo kiasi fulani, mashine kiasi fulani, mzigo kiasi fulani. Ikiwa imegawanywa, avareji inapigwa kwenye kila fungu peke yake, na nusu kwa nusu ya jumla haiwezi kuwa sahihi isipokuwa kwa bahati.

Kisha kuna ile dischaji vocha. Kama ulisaini karatasi inayosema umepokea malipo kamili na ya mwisho, kufungua upya ni kazi ngumu, japo si marufuku ikiwa kosa lilikuwa la hesabu au hukuelezwa unachosaini. Kama hukusaini, usisaini mpaka ripoti uwe umeiona.

Mumeo mwambie hivi, kwa upole, maana hasira yake naielewa. Ada ya 283,200 ni 240,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Yaani walikutoza asilimia 0.4 ya milioni 60. Kwa bei hiyohiyo, bima ya milioni 120 ingekuwa 566,400 kwa mwaka. Ungelipwa milioni 18 kutoa asilimia 5, sawa na 17,100,000. Kwa hiyo kila mwaka "uliokoa" 283,200, na usiku mmoja ukapoteza 8,550,000. Na kikoba? Ukiweka 566,400 kila mwaka bila kugusa, bila ada ya shule, bila msiba, utafikisha milioni 18 baada ya karibu miaka 32. Kinu kikiungua chote, ni zaidi ya miaka 200. Kikoba ni kizuri kwa mota moja kufa katikati ya msimu, kwa ile asilimia 5 unayobeba mwenyewe, kwa kuanzia wakati dai linasubiriwa. Mimi ningekuwa navyo vyote viwili. Lakini kikoba chenu ni cha watu wa Kibaigwa, na siku soko likiungua, wanachama wote mtakuja kukopa asubuhi ileile. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, aliyepoteza na jirani ambaye angemchangia walikuwa chini ya paa moja.

Kuna watakaokuambia mkopo ukiisha mwezi wa sita na bima iishe. Mimi naona kinyume. Siku hiyo jina la benki linatoka kwenye hati, na kwa mara ya kwanza bima inakuwa yako. Ila usiihuishe ilivyo. Mwite fundi wa mashine anayeaminika akuandikie bei ya kununua na kufunga kila kitu leo, fundi ujenzi akupe gharama ya jengo bila kiwanja, maana kiwanja hakiungui. Mzigo uandikishe kwa kiwango cha juu kabisa kinachofikia ghala msimu wa mavuno, si cha mwezi wa pili wakati ghala lina panya tu. Mashine, jengo na mzigo viandikwe kila kimoja na fungu lake. Na kila ukifunga kifaa kipya katikati ya mwaka, andika barua, ongeza ada kidogo, pokea nyongeza ya hati.

Kwenye kinu cha alizeti kuna shimo moja ambalo mawakala wengi hawalijui. Mashudu yakitoka kwenye ekspela yakiwa ya moto na kurundikwa mengi bila kupoa, mafuta yaliyobaki ndani huendelea kujipasha yenyewe, na rundo linaweza kushika moto bila kiberiti wala shoti. Mikataba ya kawaida ya moto huiacha nje mali iliyoungua kwa joto lake yenyewe. Uliza kwa maandishi kama hilo linaweza kuongezwa, na vyovyote vile yatandaze yapoe kabla ya kuyafunga viroba. Uliza vilevile kuhusu mafuriko. Bima ya moto peke yake haiyabebi mpaka yaongezwe, na sisi wa kanda hii, kwa kuwa mvua zetu ni chache, tunajidanganya kwamba maji si tatizo letu. Waulize wa Gulwe, kule Mpwapwa, ambako reli imebebwa na maji mara ngapi.

Na ile miezi uliyokaa bila kukamua, wakulima wakapeleka alizeti kwa jirani? Hiyo haikuwemo kabisa. Kuna bima nyingine, ya mapato yanayopotea wakati biashara imesimama. Ni ghali kiasi na inataka vitabu vya hesabu vilivyonyooka. Kwa kinu chako ningeanza kwanza na thamani kamili ya mali, hii ningeifikiria mwaka unaofuata.

Kwa malalamiko, njia ni hii. Anza na kampuni, kwa barua, ukiomba ripoti ya mkadiriaji na mchanganuo wa malipo. Kama benki ndiyo iliyokuuzia ile bima ikiwa wakala, nakala ipelekee benki, ukiuliza nani alijaza thamani na kwa kipimo gani. Wakiwa kimya au jibu likiwa la kukuzungusha, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, chombo kilichowekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 ili mtu wa kawaida asilazimike kukimbilia mahakamani kwa dai la namna hii. Ukienda kwao usiende na hadithi, nenda na faili.

Na hapa kwenye gazeti nimefika mwisho wa ninachoweza kukifanya, kwa sababu hesabu nimeipiga bila kuona hati. Mtafute dalali wa bima mwenye leseni, ambaye hakuhusika kukuuzia ile ya kwanza, akae nawe saa moja hati ikiwa mezani. Mpelekee hati yenyewe, barua ya mkopo, ripoti ya mkadiriaji, vocha na picha za kinu kabla na baada ya moto. Nahisi, kwa jinsi ulivyoandika, kwamba hati yenyewe hujawahi kuishika mkononi na kwamba iko kwenye kabati la benki. Kama ni hivyo, anza na hapo wiki hii: andika barua ya kuomba nakala, nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo.